Masomo ya Nyumbani Yanapokutana na Desemba: Mwongozo kwa Mzazi

Familia inayosomesha watoto nyumbani hupata tabu ya pekee Desemba inapofika. Shule zimefungwa, binamu wamejaa uani tangu asubuhi, wageni hawakauki, na mtoto anayeambiwa afungue kitabu cha hesabu huku wenzake wakicheza mchezo wa kati hujiona ameonewa. Hata hivyo, kufunga vitabu vyote mpaka Januari nako kuna hasara, hasa kwa mdogo aliyeanza juzijuzi kuunganisha silabi, kwa kuwa stadi changa namna hiyo hupotea upesi isipotumiwa. Njia ninayoipendekeza hapa inaifaa zaidi familia ya Nairobi inayosafiri kwenda Pwani, lakini anayekwenda Kakamega au Meru ataweza kuirekebisha.

Kwanza, punguza ratiba hadi ibaki na mambo mawili tu: kusoma na hesabu. Yafanyike asubuhi, mara baada ya kifungua kinywa, kabla nyumba haijachangamka. Nusu saa inamtosha mtoto mdogo, na saa moja inamtosha aliyefika madarasa ya juu. Sayansi, jiografia na historia ziondolewe kabisa kwenye ratiba, maana zitajiingiza zenyewe kwa mlango mwingine. Waambie watoto mapema tarehe ambayo utaratibu huu utaanza na tarehe utakapokwisha, kisha ziandike ukutani. Mtoto anayejua mwisho wa kazi hubishana kidogo kuliko yule anayedhani mzazi ataamua kila asubuhi upya.

Pili, chagua mambo machache ya msimu ambayo mtajifunza kwa kina, na mengine yote myaache yawe sikukuu. Wapo wazazi ambao hugeuza kila tendo kuwa somo: chapati inakatwa kwa ajili ya sehemu, pilau inapimwa kwa ajili ya uwiano, na zawadi haifunguliwi mpaka bei yake ijumlishwe. Nia yao ni njema, lakini mtoto huishia kuikimbia jikoni. Ukitaka hesabu ya nyumbani yenye maana, mpe mtoto mkubwa kazi moja ya kweli, kama vile bajeti ya safari, akijua kwamba nauli hupanda mwezi huu na kwamba fedha atakazookoa zitatumika kwa jambo ambalo yeye mwenyewe amelipendekeza.

Safari yenyewe ina utajiri mkubwa. Kabla ya kuondoka, tandazeni ramani mezani na mfuate reli kutoka Nairobi kwa kupitia Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi na Mariakani hadi Mombasa. Reli ya kwanza ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901, ilhali treni ya abiria kwenye reli ya kisasa kati ya Mombasa na Nairobi ilizinduliwa mwaka 2017. Mtoto aandike majina ya vituo kwa mpangilio, aache nafasi pembeni, na njiani aandike kila anachokiona: mibuyu inapoanza, udongo unapogeuka mwekundu, tembo wa Tsavo wakionekana. Mzazi mwenye kipimajoto cha jikoni achemshe maji mbele ya watoto kabla ya safari, kisha arudie jambo hilo Mombasa. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hewa huko ina mgandamizo mdogo, maji huchemka yakiwa karibu nyuzi 94 za selsiasi badala ya 100. Ndiyo sababu moja ya maharagwe kuchelewa kuiva bara.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote linahitaji ufito wa mita 1, uzi wenye kijiwe cha kuhakikisha ufito umesimama wima, na subira. Tarehe 21 au 22 Desemba jua la adhuhuri huwa juu ya Tropiki ya Kaprikoni, mstari wa ramani ulio kusini mwa ikweta, na kwa siku kadhaa kabla na baada ya hapo halisogei sana, kwa hiyo vipimo vilivyochukuliwa katika miji miwili kwa siku tofauti za juma hilo vinaweza kulinganishwa bila shida. Nairobi, kuanzia saa sita na robo mchana, pimeni kivuli kila dakika tano mpaka kianze kurefuka tena, na muutumie urefu mfupi kuliko wote. Kivuli hicho kitaelekea kaskazini na kitakaribia sentimita 41. Mombasa anzeni mapema kidogo, kwa kuwa mji huo uko mashariki zaidi na adhuhuri yake hutangulia. Huko mtapata karibu sentimita 35.

Kisha kaeni mezani. Kwenye karatasi, ufito uwe mstari wima wa sentimita 20 na kivuli kiwe mstari mlalo kwa kipimo hichohicho. Unganisheni ncha, mpime pembe iliyo juu. Pembe ya Nairobi itakuwa karibu nyuzi 22, na ya Mombasa itapungua kwa takribani nyuzi 2.8. Umbali wa kaskazini hadi kusini kati ya miji hiyo, ukipimwa kwenye ramani na si kwa barabara, ni kama kilomita 305. Kwa kuwa nyuzi hizo 2.8 ni kipande cha nyuzi 360 za duara la dunia, gawanyeni 360 kwa 2.8, mzidishe kwa 305, na mtapata zaidi kidogo ya kilomita 39,000, ilhali mzingo halisi wa dunia ni karibu kilomita 40,000. Eratosthenes, mkutubi wa Aleksandria, alitumia hoja ya namna hii zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Kosa la sentimita 1 kwenye kivuli hupotosha jibu kwa maelfu ya kilomita, na mtoto akilipata jibu baya, msimfiche sababu. Mwacheni aitafute katika vipimo vyake.

Mkiwa ufuoni, fuateni maji. Mtoto aweke alama mahali maji yalipofika yalipojaa, aandike saa, na arudie kesho yake. Ataona kwamba saa imesogea mbele kwa takribani dakika 50. Wakati wa bamvua, karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3, lakini katika maji mafu, karibu na nusu mwezi, hupungua sana. Mpelekeni kwa wavuvi, awaamkie kwa shikamoo, na awaulize kuhusu kaskazi, upepo wa msimu huu uliovileta vyombo kutoka Uarabuni kwa karne nyingi. Hakuna kitabu cha darasani kinacholieleza jambo hilo kama nahodha anavyolieleza.

Bibi na babu nao wasisahaulike. Sikukuu ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba, hukumbusha uhuru wa mwaka 1963 na kutangazwa kwa jamhuri mwaka 1964, na wapo wazee walioishuhudia miaka hiyo. Mtoto aombe ruhusa kabla ya kurekodi, aanze na maswali mepesi kuhusu chakula, mavazi na njia ya kwenda shule, kisha anyamaze na kusikiliza. Anukuu kurasa mbili kwa mkono wake mwenyewe, kwa lugha ileile aliyoitumia bibi.

Shangazi au mjomba atamuuliza mtoto yuko darasa la ngapi na shule gani. Mwandae ajibu kwa heshima na kwa ufupi: "Ninasomea nyumbani, Shangazi, na sasa hivi tunapima vivuli." Mjadala kuhusu uamuzi wenu ubaki kati ya watu wazima.

Mnaporudi, siku mbili za kwanza ziwe za kupanga daftari la msimu: orodha ya vituo, vipimo vya vivuli, saa za maji, simulizi ya bibi, bajeti na risiti zake. Andika tarehe kwenye kila ukurasa. Somo moja la zamani lirudi kila siku, likianza na sayansi, mpaka ratiba ikamilike.