Kuongeza vitu kwenye orodha ya Python

Tuseme una `bei = [500, 700]` na unataka 900 ikae mwishoni. Andika `bei.append(900)`, basi. Usiandike `bei = bei.append(900)`. Hapo ndipo wanaoanza hukwama: `append` hubadilisha orodha ileile na kurudisha `None` (yaani "hakuna kitu"), kwa hiyo `bei` yako inapotea, na ukijaribu kuongeza tena unapata kosa la `AttributeError`.

Vitu vingi kwa mpigo vinaingia kwa `bei.extend([1000, 1200])`. Ukitumia `append` hapo, orodha nzima itaingia kama kitu kimoja: `[500, 700, 900, [1000, 1200]]`, na `sum(bei)` itagoma kwa kosa la `TypeError`. Kinyume chake, ukiwa na orodha `majina`, `majina.extend("Asha")` humkatakata Asha kuwa herufi 4. Jina zima liingize kwa `append`.

Kuweka mwanzoni ni `bei.insert(0, 300)`. Kila kilichomo husogezwa nafasi moja, hivyo orodha ikiwa ndefu programu huzorota. Kama unaongeza mbele kila mara, chukua `deque` (aina ya orodha inayoongezwa haraka pande zote mbili) kutoka moduli ya `collections` utumie `appendleft`.

Na usiite `bei.append(x)` ndani ya `for x in bei:`, maana kitanzi hakitaisha mpaka kumbukumbu ijae.