Msikitupe kile kikaratasi cha ulanga
Wenzangu wa Lamu mnaojifungulia amplifaya wenyewe: mkibadilisha transista za nguvu, vile vipande vinavyosukuma sauti hadi kwenye spika, msikitupe kile kikaratasi king'aacho kilicho mgongoni mwake. Ni ulanga, wengine huuita maika. Huzuia umeme lakini, kwa wembamba wake, huachia joto lipite hadi kwenye aluminiamu ya kupozea; na ule mgongo wa chuma mara nyingi una umeme. Mimi nilidhani ni gamba la chumvi ya bahari, nikakitupa. Fyuzi ikakatika papo hapo. Kipakeni grisi nyeupe ya kupozea pande zote mbili, kidogo tu, si kama siagi ya mkate. Skrubu irudi na washa yake, yaani kile kipete cha plastiki. Kabla ya kuwasha, pimeni kwa mita ya umeme kati ya mgongo na aluminiamu: mita ikilia, viwili hivyo vimegusana, fungueni upya.