Kujiandaa na GMAT ukiwa Dar: jipime kwanza, ndipo ulipie

Ukitaka kusoma MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara, kwenye vyuo vya Ulaya kama INSEAD na London Business School au vyuo vikubwa vya Marekani, mara nyingi utaombwa alama za GMAT au GRE, mitihani ya kupimia waombaji. Hapa tunazungumzia GMAT, na tunamlenga mtu aliyeajiriwa Dar, anayetoka kazini saa kumi na moja jioni na kukutana na foleni ya Mandela au Bagamoyo Road kabla hajafungua kitabu. Wengi wao uwezo wanao. Kinachowaangusha ni kupiga msuli miezi mitatu minne, maswali juu ya maswali, bila kujua ni aina gani ya swali inayowanyima alama.

Anza kwa kutupa madesa ya zamani. Mtihani ulibadilishwa Novemba 2023, na toleo la awali likaondolewa mwanzoni mwa 2024. Insha haipo tena, kusahihisha sarufi ya sentensi hakupo, na jiometri ya maumbo imetolewa. Mafaili yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp bado yamejaa mambo hayo, na mtu anaweza kumaliza wikendi nzima akihangaika na pembetatu ambazo hataulizwa.

Mtihani wa sasa una maswali 64 kwa saa 2 na dakika 15. Kwenye skrini utaona sehemu tatu: Quantitative Reasoning yenye maswali 21, Verbal Reasoning yenye 23, na Data Insights yenye 20. Sisi tutaziita Hesabu, Lugha na Takwimu. Kila moja ina dakika 45, unachagua mwenyewe uanze na ipi, na unaruhusiwa pumziko moja la dakika 10. Alama ya jumla ni kuanzia 205 hadi 805, na sehemu zote tatu zina uzito sawa. Wanaosema bila 700 huendi popote wanazungumzia mtihani wa zamani. 645 ya sasa inakaribiana sana na ile 700.

Kipimo cha kwanza

Kwenye tovuti rasmi ya mba.com kuna mitihani 2 ya mazoezi ya bure. Ni mali adimu, maana inatumia mfumo uleule wa mtihani halisi, ambao hubadilisha ugumu wa maswali kulingana na unavyojibu. Unaweza kuirudia, lakini maswali mengine utakuwa umeshayaona na alama itakudanganya. Usifanye wa kwanza siku ile unayofungua akaunti. Mtu aliyesoma HKL na hajagusa hisabati tangu kidato cha nne atapata alama ya chini inayosema tu kwamba amesahau kanuni, jambo ambalo tayari analijua. Tumia wiki 2 au 3 kurudia asilimia, uwiano, vipeo, namba tasa na vigawo, milinganyo, wastani, kasi na umbali, na uwezekano. Aliyetoka EGM au PCM anaweza kumaliza ndani ya wiki moja.

Ndipo ufanye mtihani wa kwanza, Jumamosi asubuhi, simu ikiwa imezimwa, bila kusimamisha saa hata mara moja. Kama nyumbani kuna kelele, tafuta pa kukaa penye utulivu, hata kama ni ofisini siku isiyo ya kazi. Hesabu za Quantitative hazina kikokotoo. Kikokotoo cha kwenye skrini kipo sehemu ya Takwimu tu. Andika kwa maka pen kwenye kibao cha kufutika, kwa sababu ndicho utakachopewa kituoni, na aliyezoea penseli na karatasi za mraba hushangaa jinsi nafasi inavyoisha haraka.

Daftari la makosa

Hapa ndipo alama hupanda, na hapa ndipo watu wengi huruka. Kwa kila saa ya kujibu maswali, tenga saa moja na nusu hadi mbili ya kuyachambua. Kaunta buku ya kawaida inatosha. Kwa kila swali ulilokosa, na kila ulilopata kwa kubahatisha, andika mada, muda uliotumia, sababu ya kukosa, na sentensi moja ya utakachofanya ukilikuta tena. Sababu ziwe nne tu: sikujua kanuni, nilisoma vibaya, nilikosea hesabu ya mkono, au muda uliniishia.

Neno "uzembe" lisionekane kwenye daftari hilo, kwa sababu halikuambii ufanye nini kesho. Linganisha na hili: "Waliuliza ongezeko ni asilimia ngapi, nikajibu thamani mpya ni asilimia ngapi ya ile ya zamani. Kabla ya kupiga hesabu, niandike kinachotafutwa." Makosa 50 ya kwanza yakishaandikwa hivi, yahesabu kwa sababu na kwa mada. Karibu kila mara makundi mawili au matatu hubeba sehemu kubwa ya hasara, na hayo ndiyo ratiba yako ya wiki zinazofuata.

Mfano wa swali linalonasa wengi, hata waliobobea kwenye hesabu, ni aina iitwayo Data Sufficiency, ambayo sasa imehamia Takwimu. Hutakiwi kutoa jibu, unatakiwa kusema kama taarifa zinatosha kulipata. Tuseme mfanyabiashara amenunua mashati ya sh 12,000 na suruali za sh 25,000 Kariakoo. Alinunua mashati mangapi? Taarifa ya kwanza: jumla ya nguo ni 11. Taarifa ya pili: alilipa sh 171,000 kwa jumla.

Wengi huona mafumbo mawili na milinganyo miwili, wakachagua jibu la C, yaani zote mbili kwa pamoja zinatosha. Hilo ni kosa. Taarifa ya kwanza peke yake haitoshi. Ya pili peke yake inatosha, kwa sababu hakuna nusu shati: toa bei ya suruali 0, 1, 2 na kuendelea kutoka 171,000, uone ni salio lipi linagawanyika kwa 12,000 bila kubaki. Ni suruali 3 tu, zinazobakiza sh 96,000, yaani mashati 8. Jibu ni B, yaani taarifa ya pili peke yake inatosha. Anayekosa hapa hajashindwa kutatua milinganyo. Amesahau kuuliza kama namba lazima ziwe kamili. Hiyo ndiyo sentensi ya kuandika daftarini.

Kwenye Lugha kuna ufahamu na uchambuzi wa hoja. Msamiati mgumu ni tatizo dogo kuliko watu wanavyodhani. Tatizo kubwa ni kuchagua jibu ambalo ni kweli mtaani lakini haligusi hoja. Hoja ikisema kampuni ya mabasi ilishusha nauli, abiria wakaongezeka, kwa hiyo nauli ndiyo iliyowavuta, na ukaulizwa ni kipi kinaidhoofisha, jibu kwamba watu hupenda nauli nafuu ni kweli tupu, lakini linaitetea hoja. Kinachoidhoofisha ni taarifa kwamba mwezi uleule kampuni nyingine iliacha njia hiyo. Kabla ya kusoma majibu, sema kwa maneno yako hitimisho ni lipi na ushahidi ni upi. Sema kwa Kiswahili ukipenda, mradi umetenganisha viwili hivyo.

Muda

Kwa wastani una sekunde 128 kwa swali la Hesabu, 117 kwa Lugha na 135 kwa Takwimu. Kutazama saa kila swali kunachosha, kwa hiyo weka vituo. Hesabu: ukimaliza swali la 7 zibaki dakika 30, la 14 zibaki 15. Lugha: swali la 8 zibaki 29, la 16 zibaki 14. Takwimu: swali la 7 zibaki 29, la 14 zibaki 13.

Huwezi kuruka swali bila kulijibu. Ukimaliza sehemu kabla ya muda, unaruhusiwa kurudi na kubadilisha majibu yasiyozidi 3, basi weka alama kwenye maswali machache yenye mashaka ya kweli. Swali likifika dakika 3 na bado huoni njia, bahatisha uende mbele. Maswali yanayoachwa wazi mwishoni yanashusha alama, na mara nyingi chanzo chake ni swali moja lililong'ang'aniwa dakika 6 katikati.

Lini ulipie

Kwa saa 10 hadi 12 kwa wiki, wiki 12 ni kipindi cha haki kwa aliyeajiriwa. Mtihani wa bure wa pili uufanye wiki 3 kabla ya siku yenyewe. Usiiamini alama moja, maana hupanda na kushuka kwa makumi ya pointi bila ujuzi kubadilika. Tazama kama mitihani miwili mfululizo imekaa karibu na lengo, na kama kuna sehemu moja inayovuta nyingine chini. Chini ya lengo kwa pointi 60 au zaidi, sogeza tarehe.

Unapojisajili, jina lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi. Watanzania tuna majina matatu, na aliyejisajili kwa mawili anaweza kurudishwa mlangoni. Kuufanyia nyumbani kunaruhusiwa, lakini umeme ukikatika au mtu akiingia chumbani uko matatani. Kwa wakazi wengi wa Dar kituo ni salama zaidi. Anayetoka Mbagala au Tegeta aikague njia wiki moja kabla, siku na saa ileile.

Alama utaziona ukimaliza, na wewe ndiye unayeamua kuzituma. Zinadumu miaka 5. Kurudia kunahitaji kusubiri siku 16, na huwezi kuufanya zaidi ya mara 5 ndani ya miezi 12. Vyuo vingi vya Marekani hufunga awamu ya kwanza ya maombi Septemba na ya pili Januari, kwa hiyo anayelenga Septemba akae mtihani wa kwanza kufikia Juni, abaki na nafasi ya kurudia na muda wa kuandika insha za maombi.