Unajenga injini ya tabo? Tabo yenyewe nunua mwisho

Swali ninaloulizwa sana ni hili, "buda nimeona tabo kubwa pale Kirinyaga Road, bei poa, nichukue?" Usichukue, bado. Tabo, kile kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi, ndo ya mwisho kununuliwa lakini ndo inang'aa, kwa hivyo watu wanaanza nayo halafu wanabaki kutafuta injini ya kuifunga.

Mimi nitaongea EJ20 ya Subaru, lita 2, maana ndo nimefungua nikafunga mpaka nimeizoea, na tuseme unataka hosipawa 300 hivi, gari ya kwenda nayo kazi Jumatatu na kuchezea Jumapili.

Anza na petroli. Hizi injini zimepangwa Japani, na kule petroli ya bei ya juu ina oktani karibu 100, yetu haifiki hapo. Oktani ikiwa chini petroli inalipuka yenyewe ndani ya silinda kabla zamu yake ifike. Na hapa kuna neno linachanganya watu, fundi akisema injini "imenoki" mara nyingi anamaanisha beringi ya konrodi imekula inagonga, lakini noki ya petroli ni kitu kingine kabisa, hiyo hata huisikii ukiwa umefungulia muziki, na ndo inavunja pistoni. Kwa hivyo amua petroli utakayoweza kununua kila siku ndo uchague kompresheni, yaani pistoni itabana hewa mara ngapi. Mimi kwa petroli yetu nabaki 8 hadi 8.5 kwa 1, anayekwambia 10 muulize nani atalipa.

Pistoni za kiwandani ni za kumiminwa, zinabeba busti (ile presha ya hewa inayosukumwa na tabo) ya kiasi kama kompyuta ya injini imepangwa vizuri, ila zikipigwa na noki zinakatika pale kwenye ukingo katikati ya ringi, EJ25 za tabo, zile za lita 2.5, zinajulikana sana kwa hiyo tabia. Za kufuliwa, yaani zilizopondwa badala ya kumiminwa, zinavumilia, na ziko za aloi mbili, 4032 na 2618. 2618 ni ngumu kuvunjika lakini inapanuka sana ikipata moto, kwa hivyo inaachiwa nafasi kubwa kwa silinda na asubuhi ya baridi utaisikia inagongagonga mpaka ipate joto. 4032 ina silikoni nyingi, haipanuki hivyo. Kwa hii 300 yetu naweka 4032 na nalala usingizi.

Mwanya wa ringi usimwachie mtu ambaye ana haraka. Chukua ringi, iingize kwa silinda yake yenyewe, isukume chini kidogo na kichwa cha pistoni ndo ikae sawa bila kupinda, halafu pitisha fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya) pale ncha zinapokutana. Silinda ya EJ20 ni milimita 92, ringi ya juu mimi naanzia 0.46, ya pili kama 0.5. Ikibana piga tupa pole pole ukitoka nje ya ringi kwenda ndani, usichubue uso wa nje, pima tena. Mwanya ukiwa mdogo ncha zinagusana zikipata moto, ringi ikikosa pa kwenda inang'oa ukingo wa pistoni na wewe unaanza kulaumu aliyekupangia kompyuta. Karatasi iliyokuja na pistoni ikisema namba tofauti, fuata karatasi.

Heda (kichwa cha injini) ipelekwe ikasawazishwe, gasketi ya chuma ya tabaka tabaka, stadi (vijiti vya nyuzi vya kufungia heda) za nguvu badala ya boliti zilizochoka. Hapo hakuna mjadala.

Oili sasa, hapo nina kidonda. Tabo yangu ya kwanza ilikufa haijamaliza hata miezi mitatu, shafti inacheza ukiishika na vidole, moshi wa bluu mpaka jirani anakohoa. Kumbe ndani ya ile boliti ya banjo, ya tundu katikati, ya paipu ya oili kuna kichujio kidogo kama kofia ya kalamu, kimejaa tope jeusi, oili inapita kwa matone. Boliti ya pesa ya chai imekula tabo nzima! Ikague, na kama injini ya zamani ilikula beringi usijidanganye kuosha kula (kipozeo) ya oili, tupa, vumbi la chuma linajificha mle.

Injekta, zile za kunyunyizia petroli, piga hesabu, usikisie. Injini ya tabo unaikadiria ratili (paundi) 0.6 za petroli kwa saa kwa kila hosipawa, mara 300 ni 180, gawa kwa injekta 4 ni 45, na hutaki zifanye kazi zaidi ya asilimia 80 kwa hivyo gawa kwa 0.8, inakuja 56, yaani kama cc 590 kwa dakika. Chukua 650. Pampu ya lita 255 kwa saa inatosha na kubaki, shida ni kupata ambayo si feki.

Haya, tabo. Hosipawa 10 zinataka kama ratili 1 ya hewa kwa dakika, kwa hivyo tunatafuta ya ratili 30 na nafasi kidogo juu. TD04, ile tabo ndogo, inaamka mapema lakini huko juu inakata pumzi, angalia zile VF za kampuni ya IHI zilizofungwa kwa Subaru za STI. Na kitu watu wanasahau, Nairobi hewa ni nyepesi, kama bar 0.83, Mombasa ni 1. Ukiweka busti ya bar 1 Mombasa tabo inazidisha hewa mara 2, Nairobi mara 2.2, inazunguka kwa kasi zaidi kwa kazi ile ile, kwa hivyo tabo inayotosha pwani inaweza kuwa ndogo huku. Halafu upande wa pili, kama busti inashikwa na springi peke yake na ulipangiwa kompyuta Nairobi, siku ya kushuka Mombasa injini inapokea hewa karibu asilimia 10 zaidi, na joto lile la pwani. Mwambie anayekupangia akuachie nafasi.

Intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwa tabo) ya juu ya injini kwa jam ya Thika Road inageuka jiko, ya mbele ni afadhali. Geji ya mchanganyiko wa hewa na petroli lazima, busti ikiwa inasukuma nataka kuona 11 na kitu, yaani hewa 11 kwa petroli 1.

Siku ya kuwasha, chomoa fyuzi ya pampu ya petroli na plagi zote, legeza paipu ya oili inayorudi kutoka kwa tabo, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka uone oili inatoka pale. Ndo urudishe kila kitu uwashe.