Tairi la Baiskeli Lisilo na Tyubu: Linavyoshika Upepo, Linavyofungwa na Linavyotunzwa

Anayeendesha gari Dar es Salaam analijua neno tyubulesi, na amewahi kumwona fundi pancha wa kando ya barabara akisokomeza kamba ya mpira kwenye tundu bila hata kulivua tairi kwenye ringi. Kwa upande wa baiskeli jambo hili bado ni geni kwa wengi, na ugeni huo umezaa dhana mbili zinazowagharimu watu fedha: kwamba tairi lisilo na tyubu halipati pancha, na kwamba ukishalifunga huna haja ya kulishughulikia tena. Dhana zote mbili si za kweli, na anayeelewa namna tairi hili linavyofanya kazi hatazishikilia.

Kwenye Phoenix ya kubebea mikate, au kwenye baiskeli ya mtumba iliyotoka Japani, upepo unakaa ndani ya tyubu, na tairi kazi yake ni kuikinga tyubu hiyo na kushika barabara. Ringi inaweza kuwa na matundu 32 au 36 ya spoku bila madhara yoyote, kwa kuwa upepo hauigusi. Tyubu ikiondolewa, chumba cha upepo kinakuwa tairi lenyewe pamoja na ringi, na hapo upepo unabaki na njia nne za kutorokea: matundu ya spoku, tundu la vali, mahali ambapo ukingo wa tairi unakutana na ringi, na mwili wa tairi. Kila kifaa utakachonunua kipo kwa ajili ya kuziba mojawapo ya njia hizo nne, na kila hitilafu utakayoipata itatokea katika mojawapo.

Matundu ya spoku huzibwa kwa utepe maalumu wa plastiki unaozungushwa ndani ya ringi. Tundu la vali huzibwa na vali yenye kitako cha mpira, inayokazwa kwa nati upande wa nje. Njia ya tatu ndiyo yenye ufundi mkubwa zaidi. Ringi iliyotengenezwa kwa kazi hii ina mfereji katikati na vibaraza viwili kando yake; tairi huingizwa likiwa limelegea mferejini, kisha upepo mwingi wa ghafla huusukuma ukingo wake ukapanda juu ya kibaraza na kujibana kwenye ukuta wa ringi, na kadiri upepo wa ndani unavyosukuma ndivyo mbano unavyozidi. Ukingo wa tairi la kawaida haukutengenezwa kuhimili kazi hiyo. Unaweza kutanuka na kuruka nje ya ringi kwa kishindo, tena mwendeshaji akiwa mwendoni. Kwa sababu hiyo simshauri mtu yeyote abahatishe kwa tairi au ringi ambayo haikuandikwa kuwa inafaa kutumika bila tyubu.

Njia ya nne, yaani mwili wa tairi, ndipo baiskeli inapotofautiana na gari. Tairi la gari lina tabaka zito la mpira ndani lisilopitisha upepo. Kampuni ya Mavic ya Ufaransa ilipoleta UST, mfumo wake wa tairi la baiskeli lisilo na tyubu, mwaka 1999 ilifuata njia hiyohiyo, lakini matairi yake yalikuwa mazito. Matairi mengi ya leo ni mepesi, kuta zake ni nyembamba na huvuja polepole, hivyo yanahitaji dawa ya kuziba.

Dawa hii ni maji mazito meupe, ambayo mara nyingi hutengenezwa kwa utomvu wa mpira, chembechembe ndogo ngumu, na amonia kidogo ya kuuzuia utomvu usigande kabla ya wakati wake. Aliyewahi kupasua fenesi anaijua tabia yake bila kufundishwa: utomvu hutoka ukiwa majimaji, lakini baada ya muda mfupi umeshika kisu na vidole hadi utafute mafuta ya kupikia. Ndani ya tairi dawa husambaa kila gurudumu linapozunguka. Mwiba wa mbigili unapotoboa, upepo unaokimbilia nje huikokota dawa hadi tunduni, chembechembe zinakwama pale kama taka kwenye mdomo wa mtaro, utomvu unaganda kuzizunguka, na kwa sekunde chache tundu limezibwa. Huenda usigundue lolote hadi ufike nyumbani na kuona matone meupe yamekaukia kwenye fremu. Kwa tundu dogo la mwiba au la waya dawa inatosha. Tundu likikaribia upana wa milimita 5 au likizidi hapo, utahitaji kamba ya mpira kama ile ya magari, iliyo nyembamba zaidi.

Huko kujiziba ndiyo faida ya kwanza. Ya pili, ambayo kwangu ndiyo kubwa, ni kuweza kupunguza upepo. Kwenye tairi lenye tyubu, ukipita shimoni na upepo mdogo, tyubu hubanwa kati ya jiwe na ringi ikatoboka matundu mawili sambamba. Bila tyubu hakuna cha kubanwa namna hiyo, kwa hiyo mtu wa kilo 70 mwenye tairi la upana wa inchi 2.2 anaweza kupita kwenye kokoto za Pugu na Kisarawe akiwa na upepo wa pauni (psi) 22 hadi 26 tu, na tairi likalala vizuri juu ya mchanga badala ya kuchimba. Kwa anayetoka Sinza kwenda Posta kwa lami na kurudi, faida hiyo ni ndogo, na tyubu ya bei rahisi inayozibika kwa fundi yeyote inamfaa zaidi.

Unapofunga, anza kwa kuisafisha ringi kwa spiriti hadi ikauke kabisa, kwa sababu utepe haushiki penye mafuta wala vumbi. Uchague wenye upana wa kufunika ringi kutoka ukuta hadi ukuta, uuzungushe ukiuvuta kwa nguvu, na mwisho wake uupite mwanzo kwa sentimita 10 hivi. Tundu la vali litoboe kwa msumari mwembamba uliochomwa moto. Kisu huacha mpasuko unaoendelea kuchanika. Nati ya vali ikaze kwa vidole, kamwe si kwa koleo, kwani siku ukipata pancha kubwa barabarani utahitaji kuifungua kwa mkono.

Tairi liingize ukianzia upande ulio mbali na vali, umalizie penye vali, huku ukiusukuma ukingo uingie mferejini ili upate ulegevu. Paka maji ya sabuni pande zote, toa sindano ya vali, yaani kile kiini cha ndani kinachozuia upepo usitoke, ili upepo uingie kwa wingi, kisha ujaze kwa kompresa. Hapa ninasihi uangalifu: kompresa za gereji zinazohudumia malori zina nguvu ya kulipasua tairi la baiskeli, hivyo fungulia kidogo kidogo wala usivuke kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, na kama kuta za ringi yako hazina kulabu kwa ndani (mdomo uliojikunja wa kushika ukingo wa tairi), usivuke bar 5, yaani pauni 72 hivi, hata tairi likiruhusu zaidi. Utasikia mlio mkali, kisha mwingine. Ni ukingo unapanda kibarazani. Kagua mstari mwembamba ulio karibu na ringi, ambao unapaswa kuwa na umbali uleule mzunguko mzima. Mapovu yakitokea penye spoku, tatizo ni utepe, na itakubidi uanze upya. Nimejaribu kuficha kosa hilo kwa kuongeza dawa, na baada ya wiki upepo ulikuwa unatoka palepale.

Ukiridhika, toa upepo na uingize dawa kupitia vali kwa bomba la sindano kutoka duka la dawa, ukiliunganisha na kipande cha mpira mwembamba. Mililita 80 hadi 100 zinatosha tairi pana, na 40 hadi 60 tairi jembamba. Rudisha sindano ya vali, jaza upepo, tikisa gurudumu, lilaze upande mmoja kisha wa pili, na uendeshe kilomita chache siku hiyohiyo.

Joto la Dar es Salaam huikausha dawa mapema, hasa baiskeli ikilala chini ya bati. Kila baada ya miezi miwili shusha vali iwe chini, toa upepo na sindano yake, kisha chovya njiti ya ufagio wa chelewa. Ikitoka kavu, au na utando mzito tu, ongeza dawa.

Hata hivyo, beba tyubu ya akiba, pampu na kamba. Kwenye Barabara ya Mandela, yenye malori mengi ya bandarini, lami imejaa nyuzi fupi za chuma kutoka matairi yaliyopasuka. Siku moja tairi langu lilichanika ubavuni na jiwe, mchaniko mkubwa kuliko uwezo wa kamba, nikaweka tyubu haraka nikaondoka. Sikufika mita 100. Ndani ya tairi kulikuwa na waya na miiba mitatu ambayo dawa ilikuwa imeiziba kimyakimya kwa miezi, ncha zikiwa bado zimechomoza. Tangu siku hiyo, kabla ya kuingiza tyubu, ninapitisha kitambaa polepole ndani ya tairi, mzunguko mzima mara mbili, na kila kinaponasa ninang'oa kilichokinasa kwa koleo dogo.