Namna ya Kulinganisha Kiwelisi na Kiilokano

Usianze kwa kuwinda maneno yanayofanana. Lugha hizi hazina undugu. Kiwelisi ni lugha ya Kikelti ya Wales. Kiilokano ni cha kaskazini mwa Luzon, Ufilipino, ukoo mmoja na Kimalagasi.

Mimi huanza na sentensi fupi, "mtoto alikula". Kiwelisi: Bwytodd y plentyn. Kiilokano: Nangan ti ubing. Kote kitenzi kimetangulia! Raha inaanzia hapo.

Sasa chukua paka, umtafutie mwenyewe. Kiwelisi hugeuza kichwa cha neno: cath, fy nghath (paka wangu), ei gath (paka wake, mwenyewe mwanamume), ei chath (mwenyewe mwanamke). Soma kwa sauti, maana "ei" ni ileile. Sauti ya mwanzo wa neno ndiyo inayokwambia ni wa nani. Kiilokano hupachika mkiani: pusa, pusak (paka wangu), pusana (paka wake). Na pusana, kama "wake" yetu, haibagui mume na mke.

Wingi upitie haraka: cathod, puspusa.

Kaa zaidi kwenye "sisi". Kiwelisi kina neno moja tu, "ni". Kiilokano kina dakami, yaani sisi bila wewe msikilizaji, na datayo, sote pamoja na wewe.