Namna ya Kumhimiza Mwanamke Agombee Kiti cha Wadi

Wapo wanawake wengi wenye uwezo wa kuongoza ambao hawajawahi kuombwa wagombee. Husifiwa mazishini na katika mikutano ya wazazi shuleni, huambiwa kwamba wangefaa sana, kisha kila mtu hushika njia yake. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya vikundi vya akina mama vya Nakuru na Kisumu vinavyotaka kumwona mmoja wao akiwakilisha wadi yake katika bunge la kaunti baada ya uchaguzi wa Agosti 10, 2027, na ambavyo viko tayari kufanya kazi yenyewe, kwa maana kuhimiza ni kazi ya miezi mingi.

Msipoteze muda wa kikao mkijadili kama mwanamke anaweza kuchaguliwa. Mjini Kisumu, Grace Onyango alikuwa meya mwaka 1965, na mwaka 1969 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa na wapiga kura kuingia Bunge la Kenya. Kule Nakuru, Susan Kihika alianza akiwa spika wa bunge la kaunti mwaka 2013, akachaguliwa seneta mwaka 2017, na mwaka 2022 akawa gavana, huku kiti cha seneta kikimwendea mwanamke mwingine, Tabitha Karanja. Swali hilo lilikwisha kujibiwa.

Kinachowakwamisha wengi ni ushauri unaosikika kama wema. Mwanamke anayetaja wadi huambiwa aende akawanie kiti cha mwakilishi wa kike wa kaunti, kinachotengewa wanawake katika Bunge la Taifa, kwa kuwa "hicho ndicho chenu", au atulie apate uteuzi. Viti vya uteuzi, ambavyo havipigiwi kura wadini, vipo kwa sababu Katiba inakataza jinsia moja kuzidi theluthi mbili ya wanachama wa bunge la kaunti, na vina faida yake. Lakini majina ya watakaoteuliwa huandikwa na chama, na anayeteuliwa hana wadi iliyompigia kura wala wapiga kura wa kuwakimbilia chama kikimgeuka. Kwa maoni yangu, mwanamke mwenye watu wake wadini asikubali kuahidiwa uteuzi ili ampishe mwanamume.

Mkishamtambua, mwombeni rasmi. Watumwe watu watatu au wanne anaowaheshimu, wasimwendee sokoni akiwa na wateja, bali waketi naye na kumwambia: "Mama, tumekaa, tumekubaliana, tunataka uwanie kiti cha wadi hii, na haya ndiyo tutakayoyafanya." Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Nani atamkalia kibandani siku za mikutano? Nani atawapokea watoto wakitoka shule? Nani ataandamana naye usiku akitoka kikaoni, kwa kuwa siasa zetu hupenda kupangwa usiku? Asiposikia majina, atakataa, na atakuwa na haki.

Mume na wakwe wafikiwe mapema, na ni vyema aende mzee anayesikizwa nao. Hapo ndipo litakapozuka suala la ndoa, ambalo magharibi mwa Kenya huwasumbua wanawake kwa pande mbili: alikozaliwa wanasema ameolewa, alikoolewa wanasema ni mgeni. Sheria haiulizi hilo. Inataka awe mpiga kura aliyesajiliwa na atimize masharti mengine yanayowahusu wagombea wote, wanaume kwa wanawake. Hata hivyo, jibu la sheria halitoshi mbele ya umati. Mfanyisheni mazoezi: pangeni viti uani, mmoja wenu asimame na kumtupia maneno yale yale atakayotupiwa, hata yale machafu, mpaka ajibu kwa sentensi mbili bila sauti kutetemeka, kisha arudi kwenye habari ya maji na barabara.

Kuhusu karatasi, hakikisheni kwanza hajaandikishwa katika chama asichokijua, jambo ambalo limewapata Wakenya wengi. Uanachama unaweza kukaguliwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Akiwa mtumishi wa umma, kwa mfano mwalimu wa serikali, sheria ya uchaguzi inamtaka ajiuzulu miezi sita kabla ya kura, na uamuzi huo wa mshahara haufai kuachwa hadi wiki ya mwisho. Akihofia mchujo wa chama, njia ya mgombea huru ipo: anahitaji saini za wapiga kura wasiopungua 500 wa wadi hiyo, na asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Kusanyeni zaidi ya hizo 500, kwa sababu baadhi zitakataliwa.

Fedha ndizo huwavunja wengi. Ada ya tume ya uchaguzi yenyewe si kubwa. Mwaka 2022 mgombea wa wadi alilipa shilingi 5,000, na mwanamke nusu yake. Gharama halisi ni usafiri, mabango, chakula cha wahamasishaji, na wale vijana wa kijiweni wanaodai "kitu kidogo" kila gari likisimama. Afungue akaunti ya kampeni iliyo mbali na ya biashara yake, na mweka hazina awe mtu asiyeona haya kusema hapana. Asiweke hatimiliki ya shamba rehani.

Akitukanwa au kutishwa, andikeni tarehe, mahali na majina ya mashahidi, hifadhini ujumbe wa simu bila kuufuta, na ripotini polisi mpewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio kituoni. FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, ina ofisi Kisumu inayowasaidia wanawake kisheria.

Mwisho ni mawakala, yaani watu wanaomwakilisha mgombea katika vituo vya kupigia kura, na hapa vikundi vya akina mama vina nguvu ambayo wagombea wengi hulazimika kuinunua. Kila kituo kiwe na wakala anayejua kusoma fomu ya matokeo, aliyeshiba, mwenye simu iliyojaa chaji, na asiyeondoka kabla ya kutia saini na kupiga picha ya fomu iliyojazwa. Picha hizo zitumwe kwa mtu mmoja anayejumlisha usiku huo huo, kwani ikibidi kwenda mahakamani, kesi hufunguliwa ndani ya siku 28 baada ya matokeo kutangazwa.